Mkono wa monita wa "kuketi na kusimama" unashuka wenyewe, na nikisimama kibodi inabaki chini

Mpangaji_Kilimani:

Wadau, naomba msaada wa ufundi na vipimo. Nina mkono wa gesi wa monita moja, ule wa kubana ukingoni mwa meza. Kwenye kasha umeandikwa ni wa kuketi na kusimama na unabeba kilo 2 hadi 9. Ukiwa chini kabisa, katikati ya skrini huwa sentimita 18 juu ya meza. Ukiwa juu kabisa, 48. Monita ni ya inchi 27 na karatasi yake inasema kilo 6.1 pamoja na stendi. Meza ni ya chipubodi ya milimita 18, kimo sentimita 74, kina sentimita 60, na imeegemea ukuta.

Shida ni tatu. Skrini nikiipandisha inakaa dakika moja au mbili halafu inashuka polepole. Pale kibano kilipobana, ubao umeanza kubonyea na ukingo umeingia ufa. Na nikisimama, skrini inapanda kiasi lakini kibodi inabaki mezani, nachapa nimeinama kama anayefua nguo.

Je, nimenunua mkono usiofaa au nimeufunga vibaya? Muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, ananishauri nichukue wa kilo 15.

---

SpanaNaNati:

Usichukue wa kilo 15, utaongeza shida juu ya shida. Mikono hii ina uzito wa juu na uzito wa chini, na huo wa chini ndio watu hawausomi. Mkono uliotengenezwa kwa mizigo mizito ukiufunga monita nyepesi utapanda wenyewe hadi juu, na hata ukilegeza yote springi ya gesi iliyo ndani yake hautashuka.

Kwanza toa uzito wa stendi, kwa sababu mkono hauibebi. Monita nyingi za inchi 27 bila stendi ni kilo 4 hadi 6, kwa hivyo yako huenda ni 4 na kitu. Kama unataka uhakika, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umeibeba, kisha bila kuibeba, utoe. Kilo 4 kwenye mkono wa 2 hadi 9 iko ndani ya mipaka yake. Mkono wako unatosha. Kilichobaki ni kuukaza.

Sehemu inayopanda na kushuka ni kipande cha juu. Pale kinapoungana na kipande cha chini kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue, utaona tundu la pembe sita lenye alama za + na − pembeni. Monita ikiwa imefungwa tayari, laza kipande hicho kiwe sambamba na meza, shika skrini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine zungusha alenki (ufunguo wa pembe sita) kuelekea +. Usifuate mazoea ya kukaza kwa kufuata saa. Fuata alama, kwa sababu mikono mingi huenda kinyume. Zungusha mara tano kamili, achilia, tazama. Bado inashuka? Tano tena. Mikono mingine hutoka kiwandani ikitaka mizunguko ishirini na zaidi, na wengi hukata tamaa kwenye wa tatu wakidhani gesi imeisha.

Ukimaliza, ijaribu chini, katikati na juu. Inatakiwa ikae popote unapoiacha, na isukumike kwa vidole viwili. Ikikaa katikati lakini ukiipeleka juu kabisa inapanda kidogo yenyewe, rudisha nusu mzunguko, uiache hivyo.

Kisha hili, na tafadhali usilipuuze: siku ya kutoa monita, peleka mkono juu kabisa kwanza, ndipo ufungue skrubu. Ukiifungua mkono ukiwa chini, ile springi iliyokuwa inabeba kilo 4 inabaki haina mzigo na mkono unaruka juu kwa kishindo. Kidevu kikiwa juu yake ni hospitali.

---

SeremalaMtaani:

Mwenzangu hapo juu ameshamaliza la springi. Mimi nataka kuzungumzia hiyo meza, kwa sababu ndiyo itakayovunjika kwanza.

Fanya hesabu kidogo. Monita ya kilo 4 iliyonyooshwa sentimita 50 mbele inavuta kama wenzo. Sahani ya kibano ina urefu wa sentimita 10 tu. Kilo 4 mara 50 ugawe kwa 10: ukingo wa sahani unabonyeza ubao kwa nguvu ya kama kilo 20, na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe wala kule kukaza kwa boliti. Chipubodi ni chembe za mbao na gundi. Huvumilia mzigo uliotandazwa, lakini ukiikandamiza mahali padogo inabonyea, na ikishabonyea hairudi tena. Ule ufa ukingoni ni tabaka la juu linaachana na lile la kati.

Legeza leo, usingoje. Kisha uweke sahani mbili, moja juu ya meza na moja chini yake. Ya chini ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu huko kibano huwa na kitako kidogo cha mviringo kinachosukumwa na boliti moja. Plaiwudi ya milimita 18, sentimita 20 kwa 30, inatosha kwa chini; vipande vya namna hiyo hubaki kwenye karakana yoyote ya samani za Ngong Road au Gikomba. Kwa juu weka bamba la chuma la milimita 3, sentimita 12 kwa 20, fundi wa Kamukunji atakukatia na kulainisha pembe. Kati ya chuma na meza tandika mpira wa tyubu ya baiskeli ili bamba lisiteleze wala kukwaruza. Kabla ya kununua chochote, pima kinywa cha kibano kinafunguka kiasi gani: 18 za meza, 18 za plaiwudi, 3 za chuma na mpira wake, ni kama milimita 41. Vibano vingi vinameza hizo, lakini viko vinavyokomea 40.

Halafu hamisha kibano kutoka pale penye ufa, angalau sentimita 15 kando, na kikae karibu na mguu wa meza au juu ya fremu. Ukikifunga katikati ya ubao mrefu usio na kitu chini, kila ukichapa skrini itatikisika, utalaumu mkono bure.

Meza ya kioo usifunge kibano kabisa. Hata kile kinene.

---

Mama_Vipimo:

Mpangaji, swali lako la tatu ndilo kubwa na limerukwa. Vaa viatu unavyovaa ukifanya kazi, uniletee vipimo vinne kutoka sakafuni: kiwiko ukiwa umeketi nyayo zikikanyaga sawasawa, kiwiko ukiwa umesimama (mkono umekunjwa pembe mraba), jicho ukiwa umeketi na jicho ukiwa umesimama. Nipe pia urefu wa skrini yenyewe kutoka juu hadi chini pamoja na fremu yake.

---

Mpangaji_Kilimani:

Asanteni sana. Kiwiko nikiketi 68, nikisimama 107. Jicho nikiketi 120, nikisimama 161. Skrini ni sentimita 36 juu hadi chini.

---

Mama_Vipimo:

Vizuri. Kanuni ninazotumia ni mbili: kibodi iwe usawa wa kiwiko, na ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa jicho au chini yake kidogo. Nusu ya skrini yako ni 18, kwa hivyo katikati yake inatakiwa 18 chini ya jicho.

Ukiketi: 120 toa 18 ni 102 kutoka sakafuni. Meza ni 74, basi katikati ya skrini iwe 28 juu ya meza. Mkono wako unafika.

Ukisimama: 161 toa 18 ni 143. Toa 74 za meza, unahitaji 69. Mkono unaishia 48. Umepungukiwa na sentimita 21, na hakuna alenki itakayozileta. Skrini ikiwa juu kabisa, ukingo wake wa juu unakuwa usawa wa mabega, shingo inainama saa nzima. Kibodi nayo inatakiwa 107 na iko 74 na unene wake. Maandishi ya kwenye kasha ni ya kuuzia. Kati ya kuketi na kusimama jicho lako linapanda 41 na kiwiko 39, wakati mkono mzima una mwendo wa 30. Huo ni mkono wa kurekebisha skrini, na kazi hiyo unaifanya vizuri.

Sasa tazama kinachotokea meza yenyewe ikiwa ya kupanda na kushuka. Kibodi ina unene wa kama 3, kwa hivyo meza iwe 65 ukiketi na 104 ukisimama. Skrini ukiketi: 102 toa 65 ni 37 juu ya meza. Ukisimama: 143 toa 104 ni 39. Tofauti ni sentimita mbili! Kumbe kazi yote ya kupanda ni ya meza, na mkono wako ukae hapo kwenye 37 mpaka 39 ukisogezwa kwa kidole.

Jambo jingine ambalo huenda hujaligundua: hata kuketi kwako si sawa. Meza ya 74 na kibodi juu yake ni 77, na kiwiko kiko 68. Unachapa mabega yakiwa yamepandishwa. Pandisha kiti sentimita 8 au 9 na uweke kitu chini ya miguu cha kimo hichohicho. Ila kumbuka kiti kikipanda jicho linapanda nalo, basi skrini pia uipandishe, iwe karibu 37 juu ya meza. Watu hurekebisha kiti wakasahau skrini, kisha wanashangaa shingo inauma upya.

---

Mpangaji_Kilimani:

Duh, sikuwahi kupiga hesabu hiyo. Kwa hivyo nifanye nini bila kutupa meza? Meza za mota nimeziona bei, acha tu.

---

SeremalaMtaani:

Ubao unaweza kubaki, ukabadilisha miguu peke yake. Fremu za mota huuzwa bila ubao. Lakini kwa chipubodi ya 18 iliyokwisha kuingia ufa singeshauri. Skrubu za fremu hazishiki vizuri na meza ikiwa juu mtikisiko ni mkubwa. Weka ubao wa 25. Na kabla ya kulipa uliza fremu inashuka mpaka ngapi, si inapanda mpaka ngapi tu. Miguu ya vipande viwili mara nyingi huishia karibu na 70, hapo bado uko juu ya ile 65 yako kabla hata ya kuongeza unene wa ubao. Ya vipande vitatu hushuka karibu 60.

Na stima zikipotea meza ikiwa juu, inabaki juu. Iko ya kuzungusha kwa mkono, polepole lakini haijui KPLC, kampuni ya stima. Mkono wa gesi hauna habari na stima hata kidogo.

---

Mama_Vipimo:

Njia ya kati ni lile jukwaa la kuweka juu ya meza, lenye trei ya kibodi na sehemu ya skrini zinazopanda pamoja. Angalia trei inapanda ngapi: wewe unataka kibodi ipande kama 30 kutoka mezani. Na kwa meza yako ya kina cha 60, hakikisha jukwaa likipanda halisogei mbele. Kuna aina inayonyanyuka wima na aina inayokujia kifuani. Yenye kukujia itakutoa nje ya meza.

---

Kalamu_Mbili:

Mimi napingana nanyi kidogo. Si lazima kila kazi ifanywe kwa kusimama. Kuchapa akae. Kusoma nyaraka, kutazama video za mafunzo na mikutano ya simu havitaki kibodi sana. Kasha la plaiwudi la kimo cha sentimita 30, upana 60, kina 35, lenye mgongo ili lisiyumbe, anaweka juu ya meza siku anapotaka kusimama, kibodi na mausi juu yake. Ni kazi ya nusu siku kwa seremala.

---

Mama_Vipimo:

Kasha la 30 kwa kibodi ni sawa kabisa: 74 na 30 na 3 ni 107, kiwiko chake hasa. Lakini skrini bado imepungukiwa na 21, na kusoma ndiko hasa kunakohitaji skrini iwe juu. Labda alaze skrini nyuma nyuzi 20 na asogee mbali kidogo, atazame chini kwa macho badala ya shingo. Kwa dakika 20 inavumilika, kwa saa mbili hapana. Ama atafute nguzo ndefu ya mkono huohuo. Baadhi ya mikono ya gesi hushika kwenye nguzo ya bomba yenye kola ya kukaza, na bomba la 70 lipo. Akifunga kola 21 juu zaidi, hata hivyo, skrini haitashuka tena hadi pa kuketi ila alegeze kola kila mara, na hakuna mtu anayefanya hivyo baada ya wiki ya kwanza.

Kuhusu muda nakubaliana nawe. Kusimama kutwa ni kubaya kama kuketi kutwa. Aanze na dakika 15 hadi 20 kwa mara, abadilishe kabla ya kuchoka, na asisimame kwenye sakafu ya simenti kwa ndala.

---

Mpangaji_Kilimani:

Marejesho: mizunguko 17 kuelekea + na skrini haishuki tena. Kibano nimekihamisha karibu na mguu na plaiwudi ipo chini. Nimepandisha kiti 8, nimeweka kijukwaa cha ubao cha kimo hichohicho chini ya miguu, skrini iko 37. Ila sasa skrini inainamisha uso chini yenyewe, kama inasinzia. Nikaze + zaidi?

---

SpanaNaNati:

Hapana, hiyo ni skrubu nyingine. Nyuma ya skrini, kwenye kichwa cha mkono, kuna kiungo cha kuinamisha. Kina boliti ya alenki upande mmoja, wakati mwingine mbili. Nyanyua skrini iwe sawa, ikaze robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka ikae na bado uweze kuiinamisha kwa mikono miwili. Monita zilizopinda zinasumbua zaidi hapa kwa sababu uzito wao uko mbele, mbali na kichwa cha mkono.

Ukiwa huko nyuma, kagua zile skrubu nne za sahani inayoshika monita. Matundu yatakuwa ya mraba wa milimita 75 au 100, huo ndio mpango wa VESA (kiwango cha matundu ya kufungia skrini), na skrubu ni M4, yaani kipenyo cha milimita 4, mara nyingi za urefu wa milimita 10. Kama monita ni ya mtumba na matundu yameingia ndani ya shimo, sahani haitalala sawa. Weka vibomba vya kuinulia na skrubu ndefu kwa kiasi hichohicho cha vibomba. Usitumie ndefu ovyo eti zikaze zaidi. Inayopita kiasi inagota ndani, na huko ndani kuna bodi na kioo. Ikigoma kuingia kabla kichwa hakijagusa sahani, itoe, usilazimishe.

Na kebo? Hujasema lolote kuhusu kebo.

---

Mpangaji_Kilimani:

HDMI ya mita 1.5 na ya stima iliyokuja nayo. Nimezipitisha kwenye vishikizo vya mkono, zimenyooka vizuri.

---

SpanaNaNati:

Kunyooka ndiko kubaya. Nyosha mkono wote mbele, kisha upeleke juu kabisa, ukitazama pale HDMI inapoingia kwenye monita. Ikivutwa hata kidogo, tundu litalegea na picha itaanza kukatika ukigusa skrini, na wengi hapo hudhani monita imekufa. Acha kitanzi cha upana wa kiganja kwenye kila kiungo cha mkono. Mita 1.5 haitoshi kwa mkono na meza. Chukua ya 2, na ukinunua meza ya kupanda baadaye, ya 3. Siku hiyo ekstensheni yenyewe uifunge chini ya ubao, ili meza ikipanda iwe inavuta waya mmoja tu kwenda ukutani, ulioachwa ulegee sentimita 50 zaidi.

Na kwa kuwa meza imegusa ukuta: mkono ukikunjwa, kiwiko chake hutokea nyuma ya meza. Ukipata nafasi ya sentimita 10 hadi 15 hapo nyuma, skrini itarudi mbali zaidi na macho. Kwa kina cha 60 utaihitaji. Nyosha mkono wako mwenyewe ukiwa umeegemea kiti. Vidole viguse kioo, visipite.

---

Mpangaji_Kilimani:

Vimepita. Sukuma meza mbele naona ndiyo kazi ya leo jioni.

---

SeremalaMtaani:

Usisukume meza mkono wa monita ukiwa umenyooshwa. Ukunje kwanza, kisha meza inyanyuliwe na watu wawili. Miguu ya chipubodi ikiburutwa hung'oka kwenye skrubu.